Yakini kwa Saa Mbili: Kipimo cha Kifua Kikuu na Wajibu wa Muislamu



Ndugu zangu katika imani, somo la toleo hili ni kikohozi. Hapa Busanza wengi wetu tunalala wawili au watatu katika chumba kimoja, tunapanda basi lililojaa kwenda chuo, na tunasimama bega kwa bega katika swala. Mwenzetu akikohoa wiki ya kwanza tunampa pole. Ikifika wiki ya tatu tunaanza kunong'ona. Mmoja anasema ni vumbi, mwingine anataja igituntu kwa sauti ya chini. Mwenyewe anakunywa tangawizi na asali, na haendi kupima kwa sababu anaogopa jibu.

Hali hiyo ya kutojua ina madhara mawili. Kama anaumwa, anaambukiza wenzake. Kama haumwi, anasengenywa na kukwepwa bure. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si mtu wa maabara, lakini nimeona kwamba kipimo kipya cha kifua kikuu kinagusa jambo tunalolisoma kila siku katika fiqhi: tofauti kati ya dhana na yakini. Zamani mtu alisubiri yakini kwa wiki nyingi. Sasa mashine inaweza kuitoa kwa saa mbili, na njia ya kujua ikiwa fupi hivyo, udhuru wa kukaa na shaka unapungua.

Jibu lilivyokuwa likikawia

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amegundua bakteria wanaosababisha kifua kikuu. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 100, kipimo kikuu katika nchi zetu kilikuwa hadubini: makohozi yanapakwa kwenye kioo, yanatiwa rangi, na mtaalamu anatafuta bakteria kwa jicho. Kipimo hicho ni cha bei nafuu na kimeokoa watu wengi. Udhaifu wake ni kwamba mililita moja ya makohozi lazima iwe na maelfu ya bakteria, kama 5,000 hadi 10,000, ndipo waonekane. Mgonjwa mwenye bakteria wachache aliambiwa hana kitu akarudi nyumbani. Watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI na watoto ndio walioumia zaidi, maana makohozi yao mara nyingi huwa na bakteria wachache.

Njia ya pili ni kuotesha bakteria katika maabara. Hiyo inaaminika sana, ila bakteria hawa hukua polepole, na jibu huchukua kati ya wiki mbili na nane. Wakati huo wote mgonjwa anaishi na familia yake.

Mashine inafanya nini

Mwezi Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliidhinisha kipimo cha molekyuli kinachofanywa na mashine ya GeneXpert. Makohozi yanachanganywa na dawa inayoua bakteria, yanaachwa dakika 15, kisha yanamiminwa katika katriji ndogo ya plastiki. Katriji inawekwa kwenye mashine, na kazi iliyobaki inafanyika humo humo. Mashine inapasua bakteria, inatoa vinasaba vyao, halafu inanakili mara nyingi kipande kimoja cha jeni iitwayo rpoB. Kipande hicho kikipatikana, bakteria wa kifua kikuu wapo. Kikipatikana kikiwa kimebadilika, ni dalili kwamba bakteria hao ni sugu kwa rifampisini, dawa muhimu kuliko zote katika tiba ya kawaida. Kwa hiyo sampuli moja inajibu maswali mawili ndani ya muda usiozidi saa mbili. Mwaka 2017 WHO lilipendekeza toleo jipya, Ultra, linaloona bakteria wachache zaidi.

Kuwa na mashine peke yake hakutoshi. Inahitaji umeme wa uhakika, chumba kisicho na joto kali, fundi wa kuikagua, na katriji zisizokatika. Bei ya katriji ilikuwa karibu dola 17, ikashushwa mwaka 2012 hadi dola 9.98 kwa nchi zenye kipato kidogo, na mwaka 2023 hadi dola 7.97. Kila katriji ni ya mtu mmoja na hutumika mara moja tu. Ndiyo maana si kila kituo cha afya kina mashine hii. Mara nyingi makohozi ndiyo yanayosafiri kwenda penye mashine, kisha jibu linarudi. Saa mbili za mashine zinaweza kuwa siku kadhaa kwa mgonjwa kama usafiri ni mbaya. Hapa Rwanda maabara za kifua kikuu zinasimamiwa na Maabara ya Taifa ya Rufaa iliyo Kigali, na Kampala kuna maabara ya kifua kikuu inayosaidia nchi nyingine pia.

Mashine nayo huhakikiwa

Suratul Hujurat, aya ya 6, inatufundisha kuhakiki habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua na kubaki na majuto. Aya ya 12 inatuonya tujiepushe na dhana nyingi na kusengenyana. Mafunzo hayo mawili yanahusu hata maabara.

Mwaka 2020 jarida la The Lancet Microbe lilichapisha utafiti uliofanywa hapa Rwanda. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa ambao mashine ilisema wana kifua kikuu sugu kwa rifampisini. Walipopima tena kwa makini, karibu nusu hawakuwa na usugu huo. Wengi wao walikuwa na bakteria wachache sana katika makohozi, na hapo ndipo mashine inapoweza kukosea. Bila kurudia kipimo, watu hao wangepewa dawa nzito za kifua kikuu sugu bila sababu. Funzo lake ni kurudia kipimo kwa sampuli nyingine pale ambapo jibu la usugu linatia shaka. Huko ndiko kuhakiki.

Jambo la pili: mashine inatambua vinasaba, na vinasaba vya bakteria waliokufa vinaweza kubaki mwilini. Aliyewahi kutibiwa anaweza kupata jibu la kuwa na ugonjwa hali amepona. Kwa sababu hiyo kipimo hiki hakitumiki kufuatilia maendeleo ya tiba. Jibu lisomwe na daktari, lisisomwe na majirani.

Hukumu zinazotugusa

*Kupima na kadari.* Wapo wanaosema kwamba kama Allah amekadiria, kupima kuna faida gani? Tukumbuke safari ya Umar bin al-Khattab (r.a.) kuelekea Sham. Alipofika Sargh alipata habari za tauni, akashauriana na sahaba, akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) alipouliza kama anaikimbia kadari ya Allah, Umar alimjibu kwamba anatoka katika kadari moja kwenda katika nyingine. Kipimo nacho ni sehemu ya kadari, na tiba vilevile.

*Msikitini.* Kanuni ya fiqhi inasema yakini haiondolewi na shaka. Asili ya mtu ni uzima, basi tusimfukuze mtu safuni kwa sababu amekohoa. Ila akithibitika kuwa na kifua kikuu cha mapafu na bado anaambukiza, kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana inachukua nafasi. Mtume (s.a.w.) alimtaka aliyekula vitunguu saumu vibichi asiukaribie msikiti kwa sababu ya kero ya harufu, na madhara ya ugonjwa ni makubwa kuliko harufu. Mgonjwa huyo ana udhuru wa kuswali nyumbani, hata Ijumaa, mpaka daktari amruhusu. Akiwa kwenye dawa zinazofaa, kwa kawaida uambukizaji hupungua sana ndani ya wiki chache.

*Saumu.* Tiba ya kawaida ni miezi sita, kila siku bila kuruka. Aya ya 184 na 185 za Suratul Baqara zimempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Asipange mwenyewe saa za dawa kwa ajili ya Ramadhani, amuulize daktari. Kukatisha dawa ndiko kunakozaa usugu.

*Twahara.* Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa au nyekundu. Hiyo ni rangi ya dawa, si damu. Hukumu ya twahara inabaki ile ile ya mkojo wa kawaida.

*Siri.* Jibu la mgonjwa ni amana. Kulipeleka katika kundi la WhatsApp ni khiyana, hata kama nia ni kuombewa dua.

Tufanye nini?

Ukikohoa wiki mbili au zaidi, ukitoka jasho usiku, ukipungua uzito, au ukikohoa damu, nenda kituo cha afya au mwone mjumbe wa afya wa mtaa wako. Dawa za kifua kikuu nchini hutolewa bure. Mwenzako akiwa na dalili hizo, usimnong'one. Mwambie, "Ndugu yangu, twende pamoja," kisha umsindikize kweli. Nyumbani fungueni madirisha.

Maswali ya kujadili katika darsa:

1. Mtu mwenye dalili aliyekataa kupima akamwambukiza mwenzake wa chumba: ana dhima gani mbele ya Allah na mbele ya mwenzake?
2. Jumuiya yetu ikichangisha fedha, ni kipi kitangulie: nauli ya mgonjwa kwenda kupima, au chakula chake cha miezi sita ya tiba?

Tunamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu na atupe elimu yenye manufaa. Wallahu a'lam.