Mguu Unaopoa Ghafula

Usome kwanza: 2 Mambo ya Nyakati 16:12.

Mpenzi msomaji, mfikiri mtu wa hapa Kamina aliyelala mzima. Usiku wa manane anaamshwa na maumivu makali ya mguu mmoja. Anaugusa: ni baridi kama maji ya kisima, na ule mwingine una joto. Ngozi imepauka, vidole vinakufa ganzi. Jirani atasema amekanyaga dawa iliyotegwa njiani. Mwingine ataleta wembe amchanje. Na Mkristo mmoja atakumbusha habari ya Mfalme Asa, aliyeugua miguu akawakimbilia waganga, kisha atasema, "Tuombe tu mpaka asubuhi."

Ndugu, Asa alilaumiwa kwa kuwa hakumtafuta Bwana, si kwa kuwa miguu yake ilitazamwa. Luka naye alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa. Ombeni, lakini ombeni njiani, mkimchukua mgonjwa. Mguu usiopata damu kabisa huweza kuanza kufa baada ya muda wa saa 6 hivi.

Kilichotokea ni hiki: donge la damu limeziba mshipa unaopeleka damu mguuni. Mara nyingi limetoka moyoni. Moyo wenye vilango vibovu, au unaopiga ovyo, huacha damu ituame mpaka igande. Kipande hutoka, husafiri, hukwama mshipa unapokuwa mwembamba. Vilango hivyo huharibiwa na homa ya viungo inayofuata ugonjwa wa koo wa watoto. Basi, mama, mtoto mwenye homa na maumivu ya koo umlete apimwe. Penisilini ya leo yaweza kuuokoa mguu wake akiwa mtu mzima.

Mwaka 1933 daktari William Tillett wa Marekani alionyesha kwamba kijidudu cha jamii ile ile ya ugonjwa wa koo hutoa kitu kinachoyeyusha damu iliyoganda. Kila nikilifikiri jambo hili nastaajabu. Mwaka 1974 Charles Dotter na wenzake walieleza jinsi ya kuifikisha dawa hiyo kwenye donge lenyewe. Siku hizi dawa nyingine hutumika zaidi, lakini njia ni ile ile. Mrija mwembamba huingizwa mshipani, mara nyingi penye kinena, daktari akiuongoza kwa picha za eksirei mpaka ncha yake iingie katika donge. Dawa hudondoka polepole, pengine siku nzima au zaidi. Hatari yake ni kutokwa damu. Aliyevuja damu ubongoni au kupasuliwa karibuni kwa kawaida hapewi. Na zile chale za wembe huweza kutoa damu tena.

Hospitali nyingi ndogo hazina mashine hiyo. Hata hivyo, ipo heparini, inayozuia donge lisikue. Tena upo upasuaji: mwaka 1963 Thomas Fogarty alieleza mrija wenye kipira kidogo, unaovuta donge nje. Ikiwa vidole havisogei tena, hakuna nafasi ya kungoja dawa ya polepole.

Kwa hiyo msipande treni ya Lubumbashi kabla ya kupita hospitali iliyo karibu. Mlazeni mgonjwa, msiinue mguu, msiusugue, msiukaribishe motoni wala kuukanda kwa maji ya moto, kwa maana ngozi isiyosikia huungua upesi. Na mkifika, jambo la kwanza mwambieni mwuguzi saa ambayo maumivu yalianza.