Somo: Laini ya Simu kwa Msafiri



Tuseme mwenzetu amefika Malangali, Sumbawanga, kutazama jamaa, naye ataka kuvukia Kasesya kwenda Mbala, Zambia. Laini ya e-sim haina kadi. Huingizwa simuni kwa intaneti. Basi tushike haya:

Kwanza, abonyeze *#06#. Namba ya EID ikitokea, simu yake yaweza kuipokea.

Pili, asome orodha ya nchi za kifurushi. Zambia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Tatu, aiingize angali Malangali; mpakani bila intaneti haiingii.

Nne, laini ya nyumbani asiifute, kwani ndiyo ipokeayo habari za fedha zake. Aizime data yake tu, isimle salio.

Fedha ya karafuu haiokotwi njiani.