Kutoka Ekklesia hadi Gereza: Kiyunani na Kilatini katika Msamiati wa Kiswahili

Mjadala kuhusu maneno ya mkopo katika Kiswahili aghalabu huishia Uarabuni au Uingereza. Mwanafunzi huulizwa asili ya neno karatasi, naye hujibu "Kiarabu" akapata alama yake. Jibu hilo si kosa, ila ni nusu ya jibu. Makala haya yanadhamiria kuyafuata maneno machache hatua moja zaidi, hadi Kiyunani na Kilatini, kwa kuwa hatua hiyo ina uzito katika mabishano yetu kuhusu istilahi.

Tuanze na hilo hilo la karatasi. Wayunani waliita khartes jani la mafunjo lililotayarishwa kwa kuandikia. Kwa Waarabu likawa qirtas, nasi tukalipata kwao. Warumi nao walilichukua wakaliita charta. Kutoka hapo Wareno walipata carta, na mchezo wao ukatuletea karata. Wafaransa walipata carte, Waingereza wakalifanya card, nasi tukalitohoa kadi. Neno chati nalo limetokana na charta hiyo hiyo kupitia Kiingereza. Basi mzee anayecheza karata barazani, karani anayejaza karatasi, bibi harusi anayegawa kadi na mwalimu anayebandika chati ukutani wanatumia neno moja lililotuingilia kwa milango mitatu. Yote manne tumeyaweka katika ngeli ya I-ZI, na hakuna msemaji anayeyahisi kuwa ndugu.

Historia ya neno gereza ni ya ajabu zaidi. Katika Athene ya kale, ekklesia lilikuwa baraza la raia walioitwa kujadili mambo ya mji. Wakristo wa mwanzo walilitumia kwa jumuiya ya waumini. Kilatini kikalipokea, na katika Kireno likawa igreja, yaani kanisa. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593, na ndani yake mlikuwa na kanisa. Kinywani mwa Mswahili, irabu ya mwanzo ilidondoka, irabu e ikapachikwa kati ya g na r ili kuvunja mfuatano wa konsonanti, na konsonanti ya mwisho ikawa z: gereza. Maana nayo ilisogea kutoka kanisa hadi ngome. Ngome iliyopo Kilwa Kisiwani ingali inaitwa Gereza hadi leo. Kutoka ngome hadi mahali pa kufungia watu si mbali, na Ngome ya Yesu yenyewe ilitumiwa na Waingereza kama jela tangu mwaka 1895 hadi 1958. Hilo neno jela pia lina ukoo: kupitia Kiingereza na Kifaransa cha kale, linarudi kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kizimba kidogo.

Hapa pana mtego ambao wengi hunaswa. Msomaji akishajua habari ya ekklesia, hukimbilia kudai kwamba kanisa nalo limetoka huko, kwani sauti zinakaribiana na maana ni ile ile. Sivyo. Kanisa ni neno la Kiarabu lililotokana na Kiaramu, na mzizi wake ni wa Kisemiti wenye maana ya kukusanya. Ndugu yake wa karibu ni Knesset, jina la bunge la Israeli. Kwa hiyo neno lililotoka kwa Wayunani ni gereza, na lile linalofanana na la Kiyunani halihusiani nalo. Mfanano wa sauti pekee si ushahidi. La sivyo tungesema pia kwamba meza ya kulia chakula imetokana na kitenzi meza, ilhali ya kwanza ni mesa ya Kireno, kutoka mensa ya Kilatini, na cha pili ni kitenzi cha Kibantu.

Mengine tuyapitie kwa haraka. Kalamu ni kalamos, yaani tete. Almasi ni adamas, kitu kisichoshindika. Kasri ni castrum, kambi ya askari wa Kirumi. Sirati ni strata, barabara iliyotandazwa mawe, na neno hilo hilo ndilo lililowapa Waingereza jina la mtaa. Al-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, alikwisha kuliorodhesha sirati miongoni mwa maneno yenye asili ya Kirumi. Kanuni ni kanon, ufito ulionyooka wa kupimia, ambao hunasibishwa na kanna, tete au mwanzi. Kutokana na mwanzi huo Wazungu wakapata pia jina la mzinga, kwa kuwa mzinga ni bomba. Mizinga mikuukuu ya aina hiyo imesimikwa kando ya njia fulani za London iwe nguzo fupi za kuzuia magari: ufito wa kupimia na nguzo ya mtaani ni wa kichaka kimoja!

Sasa turudi kwenye istilahi. Katika makongamano yetu husikika hoja kwamba falsafa ni neno letu ilhali filosofia ni la kigeni. Yote mawili ni philosophia. Tofauti ni kwamba moja lilipitia Baghdad na jingine likapitia Ulaya. Mtu ana haki ya kulipendelea falsafa kwa kuwa limezoeleka na linatamkika vyema, na mwandishi huyu hulipendelea pia. Lakini hana haki ya kudai kwamba kwa kufanya hivyo ameiepuka Ulaya. Vigezo vya mazoea, umbo na uwezo wa kunyambulika vinatosha kutetea istilahi. Kigezo cha usafi wa damu hakina mashiko.

Kamusi zetu zinapoonyesha asili ya neno, hutaja lugha iliyotukopesha na kuishia hapo. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu angeweza kuanza na maneno ya Kireno, ambayo si mengi: mvinyo kutoka vinum, kasha kutoka capsa, leso kutoka linteum.