Mwenzi Wako Akipatwa na Kiharusi

Wapendwa wanandoa, siku ya arusi mliahidiana uaminifu katika afya na katika ugonjwa. Je, ugonjwa ukiingia nyumbani, ahadi hiyo hutimizwaje?

Tuchukue mfano wa mvuvi wa hapa Kipini. Alilala mzima, aliamka upande wa kulia hauna nguvu na ulimi ni mzito. Sasa ametoka hospitali. Mkewe, kwa upendo, humlisha, humvika, hata wageni humjibia. Miezi inapita, mume hainui kijiko. Mke amechoka, mume amenyamaza. Kosa liko wapi?

Kiharusi si jini wala uchawi. Damu huzuiwa kufika sehemu ya ubongo, au mshipa hupasuka humo, na mara nyingi chanzo ni shinikizo la damu. Sehemu iliyokufa hairudi, lakini ubongo huweza kujifunza njia nyingine kwa kurudia tendo lile lile mara nyingi. Zoezi hilo hakuna awezaye kumfanyia. Ukimfanyia kila kitu, unamnyima dawa.

Basi zingatieni haya:

1. Mwulize: "Baba watoto, wiki hii wataka uweze nini?" Lengo liwe lake: kufunga kikoi, kufika mlangoni, kushika sindano ya kushonea nyavu.

2. Akichelewa, ngoja. Msaidie pale tu anaposhindwa.

3. Usimvute kwa mkono uliopooza, bega litaumia.

4. Ale akiwa ameketi wima, kwa matonge madogo. Akipaliwa mara kwa mara, mwelezeni daktari.

5. Dawa alizoandikiwa azimeze kila siku hata akijisikia mzima, na azihesabu mwenyewe. Apunguze chumvi, ng'onda pia, na aache tumbaku.

6. Akikata tamaa au kulia ovyo, usimkemee. Huenda ni sehemu ya ugonjwa, nayo hutibika.

Uso ukipinda ghafla tena, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo, hata dalili zikipita.

Nafuu kubwa huja miezi ya kwanza, lakini haikomi hapo. Nawe unayeuguza, kubali ndugu na jumuiya wakupokee zamu, upumzike.

Swali la kujadiliana jioni ya leo: Ni jambo gani namfanyia mwenzangu ambalo angeweza kulifanya mwenyewe, kama ningekuwa na subira?