Mawe Yaliyosahauliwa: Namna ya Kuzilinda Mita Zetu na Maji ya Betri

Ndugu wanachama,

Leo naomba tuiache kidogo habari ya mikarafuu, tuzungumze juu ya kitu kidogo kiwezacho kutosha kiganjani, lakini kikiharibika hutia hasara kubwa. Nacho ni mita ya kupimia umeme, ile ambayo mafundi huiita multimita.

Wanachama wetu wengi, khasa vijana, siku hizi hupenda kujishughulisha na umeme wakishatoka shamba. Yuko atengenezaye redio yake mwenyewe, yuko apimaye taa za jua za jirani zake, na yuko afunguaye chombo kwa kutaka tu kujua kilichomo ndani. Hawa si mafundi wa kulipwa. Hufanya kwa kupenda. Lakini karibu kila mmoja wao ana mita, na wengi waliinunua kwa kudunduliza.

Chama nacho kilikuwa na mita moja ya kuwaazima wanachama. Nasema "kilikuwa", na sasa nitaeleza sababu.

Msimu mmoja ulipomalizika niliipokea mita hiyo, nikaifuta vumbi, nikaizima, nikaifungia kabatini. Nikaona nimeihifadhi amana vizuri. Ilikaa humo muda wa miezi minane. Msimu mwingine ulipoingia, mwanachama mmoja alikuja jioni mbio mbio. Taa zake za jua zilikuwa zimezimika, na karafuu za mchumo wa siku ile zilikuwa rundo zima uani zikingoja kuchambuliwa. Alitaka mita ajue kama ubovu uko katika betri kubwa, au katika waya, au katika taa zenyewe. Nikaitoa, nikazungusha swichi. Kimya! Nilipofungua kifuniko cha nyuma nilikuta unga mweupe umejaa, springi zimeliwa, na waya mweusi umegeuka kijani. Yule ndugu akarudi mikono mitupu. Usiku ule walichambua kwa kandili moja, hawakumaliza, na asubuhi karafuu zilizobaki zilikuwa zimepata moto rundoni.

Kosa lile lilikuwa langu, wala simtwiki mwingine. Kwa hivyo somo hili ni deni ninalolilipa.

KWA NINI BETRI HUVUJA

Betri ndogo, ambazo wazee wetu huziita mawe ya tochi, ziko za namna nyingi, lakini zilizo nyingi madukani ni namna mbili.

Namna ya kwanza ni ile ya bei nafuu, ya zinki na kaboni. Asili yake ni betri ya maji aliyoivumbua Mfaransa Georges Leclanché katika mwaka wa 1866. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1886, Mjerumani Carl Gassner akaifanya kavu. Katika betri hii kopo lenyewe la zinki ndilo chakula chake. Kila unapoitumia, kopo linaliwa kutoka ndani na linakuwa jembamba. Mwishowe hutoboka, na maji yenye ukali wa asidi hutoka nje. Ni sawa na mtu anayekata kuni katika kuta za mtumbwi anaosafiria.

Namna ya pili ni ya alkali, aliyoitengeneza Lewis Urry, mhandisi wa Kanada aliyekuwa akifanya kazi Marekani, katika miaka ya 1950. Hii ina kopo la chuma, na zinki imo ndani kwa hali ya unga uliolowa maji makali ya potasi. Kopo haliliwi, lakini hapa pana shida nyingine. Ile zinki, hata betri ikiwa imelala tu, hutoa gesi ya haidrojeni kidogo kidogo. Betri ikiisha nguvu kabisa, gesi huzidi. Watengenezaji, wakiogopa kopo lisipasuke kwa kishindo, wameweka kizibo cha plastiki kwenye upande wa hasi ambacho hukubali kuachia kwanza. Kikiachia, gesi hutoka, na yale maji ya potasi hufuata nyuma. Yakikutana na hewa hugeuka unga mweupe, na huo ndio ule tunaouona.

Zamani watengenezaji walikuwa wakitia zebaki ili kuizuia gesi hiyo. Lakini zebaki ni sumu kwa watu na kwa samaki, basi ikaondolewa. Marekani iliweka sheria juu ya jambo hilo mwaka 1996. Ni jema lililofanywa, lakini na sisi watumiaji hatuna budi kuongeza uangalifu.

Iko sababu ya tatu. Betri zikipangwa mbili, tatu au nne pamoja, hazichoki sawa sawa. Iliyo dhaifu huisha mwanzo, na zile zenye nguvu huendelea kuusukuma umeme kupita ndani yake kinyume. Hapo gesi huongezeka sana, na hiyo dhaifu huvuja.

KWA NINI MITA KHASA NDIZO ZIUMIAZO

Tochi ikiisha mawe, utajua usiku ule ule, na utayatoa. Mita haina hali hiyo, kwa sababu nne.

Kwanza, mita hutumiwa kwa nadra. Yaweza kukaa mwaka mzima bila ya kuguswa.

Pili, hula umeme mdogo sana. Betri ambayo redio imeshaikataa, mita huendelea nayo. Kwa hivyo betri hukaa ndani ya mita mpaka uzee wake wa mwisho.

Tatu, mita nyingi mpya hujizima zenyewe ukizisahau. Jambo hili ni zuri, lakini nyingine hata zikijizima huendelea kunyonya kidogo, maana swichi yenyewe haikukatwa.

Nne, nayo huwahadaa hata walio hodari, ni zile mita za zamani za mshale. Mita ya mshale haihitaji betri kupima volti. Umeme unaopimwa ndio unaousukuma mshale. Betri yake hutumika pale tu unapopima ukinzani, yaani omu. Basi mtu aweza kupima volti miaka mitano, mita ikamjibu vizuri, na kumbe betri imeshaoza ndani siku nyingi. Mwenye kurithi mita ya namna hii kwa baba yake, na aifungue leo hii.

Tena maji yale hayakai mahali pamoja. Hutambaa juu ya shaba, hupenya chini ya ngozi ya waya, na hufika kwenye bamba la saketi. Springi ikiliwa hubadilishwa kwa bei ndogo. Njia za shaba za bamba zikiliwa, mara nyingi mita imekwisha.

NAMNA YA KUJIKINGA

1. Mita ikiwa haitatumika muda wa mwezi mmoja, toa betri. Zitie katika mfuko mdogo mbali na mita, na ncha zake zisigusane na chuma. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya mawe ndani ya mita huoza, na huiozesha na nyumba yake.

2. Unapotia betri mpya, bandika kipande cha plasta nyuma ya mita na uandike tarehe. Ikifika mwaka, zibadilishe hata kama bado zinafanya kazi. Zilizotoka zimalizie katika saa ya ukutani au tochi ya bei ndogo.

3. Badilisha zote kwa pamoja. Usichanganye mpya na kuukuu, wala za alkali na za zinki na kaboni, wala chapa mbili mbalimbali.

4. Alama ya betri ikitokea kwenye kioo, itoe siku ile ile. Hii si kwa ajili ya kuvuja tu. Mita yenye betri dhaifu yaweza kutoa kipimo cha uongo, na mtu akiamini kipimo cha uongo juu ya umeme wa nyumba, anacheza na roho yake.

5. Pima betri zenyewe kwa mita. Betri mpya ya alkali huonyesha volti 1.5 mpaka 1.6 hivi. Ikiwa imepumzika na ikaonyesha chini ya 1.2, imekaribia kwisha. Isirudi ndani ya mita. Ile ya mraba ya volti 9 ndani yake mna betri ndogo sita, kwa hivyo nayo ina milango sita ya kuvujia.

6. Mwenye uwezo na achague namna isiyovuja kwa urahisi. Betri za lithiamu za volti 1.5 huvuja kwa nadra sana, na hukaa miaka mingi, ila bei yake ni kubwa. Na zikiwa mpya huweza kuonyesha karibu volti 1.8, basi soma kwanza kitabu cha mita yako. Zile za kuchajiwa za nikeli nazo huvuja mara chache, lakini hutoa volti 1.2 tu, na si kila mita huzikubali. Betri isiyokuwa ya kuchajiwa usiichaji kabisa.

7. Usiiache mita chini ya bati, wala ndani ya gari juani, wala sakafuni karibu na karafuu zinazoanikwa. Joto huiharakisha gesi.

IKIWA IMESHAVUJA

Usiitupe kwanza. Ondoa waya za kupimia kutoka kwenye umeme na kutoka kwenye mita yenyewe, ndipo ufungue kifuniko. Vaa glavu na miwani. Maji ya potasi huunguza ngozi, na jichoni ni hatari. Yakiingia, osha kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa muda wa dakika ishirini, kisha nenda hospitali.

Ikiwa betri ni ya alkali, chovya pamba katika siki au maji ya ndimu, ukamue, upanguse pale penye unga mweupe. Utaona povu, ndiyo dalili kwamba ukali unauana na ukali. Ikiwa ni ya zinki na kaboni, siki haifai, kwani maji yake yana asidi tayari. Tumia magadi ya kupikia yaliyoyeyushwa katika maji kidogo. Kwa vyote viwili usimimine, pangusa tu. Kisha pangusa tena kwa pamba yenye maji safi ili ndimu isibaki kuila shaba, na mwisho kwa spiriti. Iache wazi kivulini siku nzima ikauke.

Ncha zilizofanya kutu zisugue kwa msasa laini. Waya uliogeuka kijani au mweusi ukate mpaka uione shaba inayong'ara, na usipoiona, badilisha waya wote. Ikishafungwa, ijaribu kwanza kwenye betri unayoijua volti zake. Usianze na umeme wa nyumba.

Betri zilizovuja zisitupwe shambani wala kisimani, wala zisitiwe motoni. Zikusanye katika chombo kikavu cha plastiki chenye kifuniko, mbali na watoto.

Mita ya chama niliifanyia yote haya. Springi zilirudi, lakini bamba lilikuwa limeshaliwa. Sasa inapima volti tu, tena kwa kubahatisha, basi nimeiweka mezani iwe mfano kwa kila aingiaye. Mita mpya iliyonunuliwa imetundikwa kabatini bila ya betri, na mfuko wa betri umetundikwa msumari wa pili. Mwenye kuiazima atazitia mbele yangu, na akirudisha atazitoa mbele yangu, na sote wawili tutatia sahihi katika daftari.

Sisi wakulima tunajua kwamba karafuu isiyokauka haitiwi ghalani, kwani gunia moja bichi huharibu mengine. Basi na tuone hivyo hivyo: chombo hakiwekwi na betri tumboni.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ni kitu gani kinacholiwa katika betri ya zinki na kaboni inapotumika?
2. Kwa nini betri ya alkali huvuja zaidi inapokwisha nguvu?
3. Mita ya mshale inapima volti vizuri. Je, hii ni dalili kwamba betri yake ni nzima? Toa sababu.
4. Kwa nini siki hufaa kwa betri ya namna moja na haifai kwa nyingine?
5. Nyumbani kwako kuna vyombo vingapi vyenye betri ambavyo hukuvifungua tangu msimu uliopita?

Jawabu la swali la tano msiniletee mimi. Nendeni mkavifungue usiku huu.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama