Fulani alitumia akapona: je, huo ni ushahidi?

Nje ya misikiti yetu mingi, baada ya swala ya Ijumaa, hakosekani muuza dawa na kipaza sauti chake. Habasoda, asali, unga wa mizizi. Hoja yake ni moja: fulani alitumia akapona. Mwaka 2011 hoja hiyo hiyo iliwapeleka maelfu ya watu Loliondo kunywa kikombe, na wapo walioacha dawa zao za hospitali.

Ndugu msomaji, mwanasayansi huuliza swali jingine: wale wasiotumia walikuwaje? Kwani maradhi mengi hupungua yenyewe, na aliyekunywa maji angesema maji ndiyo yaliyomponya.

Swali hili wengi wetu tunadhani ni la Wazungu. Al-Razi, tabibu Muislamu wa mji wa Rayy aliyefariki karibu mwaka 925, ameeleza katika Al-Hawi kwamba wagonjwa wenye dalili za kuvimba ubongo aliwagawa makundi mawili. Kundi moja alilitoa damu, jingine akaliacha makusudi ili apate hakika. Anasema waliotolewa damu walisalimika.

Hapa tusijidanganye kwa fahari. Leo hakuna daktari anayetibu homa ya uti wa mgongo kwa kutoa damu. Kulinganisha peke yake hakutoshi, maana tabibu akichagua mwenyewe nani apewe dawa, anaweza bila kukusudia kuwapa wale wenye nguvu zaidi.

Dosari hiyo Waingereza waliiziba katika jaribio la dawa ya streptomaisini kwa kifua kikuu, lililochapishwa mwaka 1948. Wagonjwa waligawanywa kwa kura. (Kura si jambo geni kwetu, Mtume, s.a.w., alikuwa akipiga kura baina ya wakeze anapotaka kusafiri.) Wagonjwa 55 walipewa dawa na mapumziko ya kitandani, 52 mapumziko tu. Waliosoma picha za mapafu hawakuambiwa ipi ni ya nani, wasije wakaona wanachotamani kukiona.

Baada ya miezi sita walikuwa wamefariki 4 katika waliopewa dawa, na 14 katika wasiopewa. Picha za waliopewa, 28 zilionyesha nafuu kubwa. Lakini hata wale 52 wasiopewa, wanne walipata nafuu kubwa kama hiyo. Lau wanne hao wangekuwa wamekunywa unga wa mizizi, leo wangekuwa wanashuhudia kwenye kipaza sauti, tena kwa ikhlasi kabisa.

Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakiki habari tunazoletewa. Basi Ijumaa ijayo muulize muuzaji: waliotumia ni wangapi, ambao hawakupona ni wangapi, na nani aliyewahesabu? Na mwenye kifua kikuu aendelee na vidonge vyake wakati jibu linasubiriwa.