TAHADHARI KUHUSU SIMU ZA MLIO MMOJA KUTOKA NG'AMBO

Wananchi wa Kata ya Namswea, pamoja na ndugu zetu wa vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, wanatahadharishwa juu ya ulaghai ambao humla mtu salio lake la simu bila ya kumwomba hata senti moja.

Ulaghai huo huendeshwa hivi. Simu hulia mara moja, pengine usiku wa manane, kisha hukatika kabla ya kupokewa. Kwenye kioo hubakia namba ngeni ambayo haianzi na 255. Mwenye simu akiipigia ili ajue ni nani aliyemtafuta, husikia muziki, au sauti ya mtu akimtaka asubiri. Wakati mwingine husikia mlio wa kuita usiokwisha, naye hudhani kuwa simu bado haijapokewa. Kumbe imekwisha kupokewa, mlio huo umerekodiwa tu, na salio linakatwa.

Wajapani waliipa hila hii jina la wangiri, maana yake kulia mara moja na kukata. Asili yake ni ya zamani zaidi. Katika miaka ya 1990 watu wa Marekani walikuwa wakiachiwa ujumbe wapige namba zenye msimbo 809, ambao kwa macho ulifanana na wa majimbo yao, hali ya kuwa ulikuwa wa visiwa vya Karibi.

Msomaji atauliza, mlaghai anafaidika vipi? Simu inapotoka nchi moja kwenda nyingine, kampuni ya mpigaji huilipa ile inayoifikisha simu mwisho wa safari. Ziko nchi ambazo ada hiyo ni kubwa. Mlaghai hujipatia namba za huko kwa mapatano ya kugawana mapato, kisha mashine yake huzipigia simu maelfu ya watu kwa mkupuo. Kwa kuwa hazipokelewi, yeye halipi kitu. Wachache wakipiga tena, na kila mmoja akikaa dakika mbili, biashara yake imetimia.

Hapa kwetu hila hii imekuta mlango wazi, kwa sababu ya ule mtindo wetu wa kubipu. Kwa muda mrefu mlio mmoja uliokatika umekuwa na maana inayoeleweka: sina salio, nipigie. Mtoto aliye shuleni hufanya hivyo, na shangazi aliye Songea pia. Kumpigia aliyebipu ni uungwana, na mlaghai hula kwa mgongo wa uungwana huo. Isitoshe, wakazi wengi wa mwambao wana jamaa ng'ambo ya ziwa na ng'ambo ya mto Ruvuma, kwa hiyo namba ya nje si jambo la ajabu kwao. Haifai basi kuwaambia wasipokee wala wasipige kabisa.

Kinachofaa ni kusoma tarakimu za mwanzo kwa utulivu. Malawi ni 265 na Msumbiji ni 258. Lakini 269 ni Komoro, na 225 ni Ivory Coast, ambayo mtu mwenye haraka huiona kama 255 yetu. Misimbo ya Komoro, Latvia (371) na Belarus (375) ni miongoni mwa ile iliyopata kutumiwa na walaghai hawa. Ikiwa hapana jamaa unayemjua katika nchi hiyo, iache. Mwenye haja ya kweli atapiga tena au ataandika ujumbe. Kupokea simu ukiwa ndani ya nchi, kwenye mtandao wako, hakukati salio. Gharama imo katika kupiga.

Umepata kuenea pia uvumi kwamba ukipiga namba hizo, majina na siri za benki zilizomo katika simu yako hunakiliwa kwa sekunde chache. Hilo si kweli. Kinachopotea ni salio.

Mwenye salio la shilingi elfu moja hupoteza elfu moja tu. Hatari kubwa zaidi iko kwa ofisi, shule na vyama vya ushirika vyenye simu inayolipiwa mwisho wa mwezi, kwa maana hapo hakuna salio la kuikatiza simu hadi ankara itakapofika. Wakuu wa ofisi hizo wanashauriwa kuiomba kampuni ya simu ifunge njia ya kupiga nje ya nchi, endapo kazi haihitaji.

Jambo jingine lahusu wavuvi na wasafiri wa ziwani, nalo si ulaghai ingawa maumivu ni yale yale. Karibu na mpaka simu huweza kushika mtandao wa nchi jirani, na hapo hata kupokea kunaweza kutozwa. Mwenye simu na aizime huduma hiyo ya mitandao ya nje katika mipangilio ya simu yake kabla ya kwenda majini.

Aliyekwisha kukatwa aandike namba, tarehe na saa, kisha apeleke malalamiko kwa kampuni yake ya simu. Asiporidhika, ayafikishe kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ujumbe wa kitapeli unaoletwa kwa namba za humu nchini, kama ule wa "hela itume kwenye namba hii", usifutwe, bali utumwe kwenda namba 15040.